Wanauliza kwangu, wananunua kwenye simu: nifunge duka?

Mshauri, salamu.

Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wengine, leo nimeona na mimi niandike maana usingizi umekuwa wa tabu. Nina duka la vifaa vya nyumbani: taa, swichi, nyaya, mabomba, koki, kufuli, pampu ndogo za maji, misumari na rangi. Alilianzisha marehemu baba, nami nikalishika alipoanza kuchoka. Kuna kipindi lilitulisha, likalipa ada za watoto, na bado mzigo ukajaa rafuni.

Siku hizi mambo yamebadilika. Vyuma vimekaza kwa kila mtu, na mimi nayaona hayo mapema kuliko wengi kwa sababu yanaanzia kwenye droo yangu ya pesa. Mteja aliyekuwa akibadilisha koki za nyumba nzima sasa anabadilisha ile moja inayovuja sana. Aliyekuwa akinunua madebe manne ya rangi ananunua moja, apake sebule tu.

Ugumu wa maisha ningeuvumilia, maana unapita. Kinachoniumiza ni wateja wanaoingia wakiwa na simu mkononi. Juzijuzi alikuja baba mmoja mstaarabu, akaniuliza habari za pampu. Nikaacha kazi zangu nikamweleza: hii inafaa tangi la urefu gani, ile inakula umeme kiasi gani, kwa nini ya bei ndogo huungua mapema. Nikaiwasha aisikie. Akapiga picha ya kibandiko cha nyuma, akashukuru, akaondoka. Baada ya siku chache akarudi na pampu ileile ameibeba kwenye boksi, ameagiza mtandaoni kwa bei ambayo mimi hata kwa jumla siipati. Alikuja kwa sababu mdomo wa pampu na bomba lake haviingiliani, akataka kiungio. Nikampa kiungio, kijana wangu akamwelekeza namna ya kufunga, nikapokea vijisenti. Alipotoka nilikaa chini nikalia. Nilijiona kama nimegeuzwa maktaba ya bure.

Nyumbani kila mmoja ana lake. Mume wangu anasema tukope benki, tushushe bei za kila kitu mpaka zilingane na za mtandaoni, wateja watarudi wenyewe. Mdogo wangu wa kiume anataka tutengeneze programu ya simu ya kuuzia. Shemeji anasema nifunge, niuze mzigo kwa bei ya kutupa, nirudishe fremu kwa mwenye nyumba nikatafute shughuli nyingine. Na yupo huyo kijana wa dukani, tuliyenaye tangu enzi za baba. Kila nikimwona anafuta rafu najiuliza nitamwambia nini.

Niseme pia kwamba daftari la madeni limejaa, na rafu za nyuma zina vitu ambavyo sikumbuki niliviagiza lini. Sijui kama hayo yanahusiana. Ninachojua ni kwamba mtaji unaliwa na sijui unaliwa wapi. Nishushe bei, nikope, niende mtandaoni, au nifunge?

Ni mimi, mwenye duka aliyechoka.

*

Dada yangu,

Pole, na asante kwa kueleza bila kuficha. Umeweka ushauri wa ndugu zako mbele, ukayataja madeni na rafu za nyuma mwishoni kana kwamba hayana uzito. Mimi naanza nayo. Pesa ya kukuvusha kipindi hiki imelala humo, na hakuna benki itakayokupa pesa ya nafuu kuliko hiyo.

Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya benki ya JPMorgan Chase ilipitia akaunti za biashara ndogo karibu 600,000 nchini Marekani. Ukizipanga zote kwa ukubwa wa akiba, ile iliyokaa katikati ilikuwa na pesa ya kulipia matumizi yake kwa siku 27 tu iwapo mauzo yangesimama kabisa. Hiyo ni nchi tajiri, na bado nusu ya biashara zile hazikuwa na akiba ya kumaliza mwezi. Nakuambia hili ili uache kujilaumu kwamba umeshindwa urithi wa baba. Biashara ndogo ndivyo zilivyo: huishi karibu na ukingo hata miaka ya neema, na mdororo ukija hufa zile zilizoishiwa pesa taslimu, hata kama zilikuwa na mali rafuni na wateja wanaozipenda. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: pesa yangu iko wapi, na naitoaje?

Chagua siku moja mfunge mapema, wewe na kijana, mhesabu mzigo wote. Kila kitu kiandikwe: kipo kiasi gani, kilinunuliwa kwa bei gani, na mara ya mwisho kuuzwa ilikuwa lini. Kama hamna kumbukumbu, tazameni maboksi. Boksi lililopauka upande mmoja kwa jua la dirishani, au lililoshikana na lenzake kwa vumbi, limejibu swali lenyewe. Kisha mgawe makundi matatu: mzigo unaotembea, unaojikongoja, na uliododa.

Uliododa uondoke. Kwa bei uliyonunulia ikiwezekana, chini yake ikilazimu. Ufungeni kwa mafungu na muwauzie mafundi, ambao wanaweza kukaa na swichi za mtindo wa zamani mpaka wapate nyumba inayozitaka. Najua moyo utakataa, hasa kwa vitu vilivyonunuliwa na baba. Lakini hasara ilishaingia siku kitu kile kilipoacha kutakiwa. Sasa unaokoa kilichobaki. Na kila futi ya rafu inayokaliwa na kilichododa unailipia kodi ya pango mwezi kwa mwezi.

Nikuonyeshe kwa hesabu kwa nini hili lina uzito kuliko bei. Chukua taa unayoinunua kwa 100 na kuiuza 110, na ikaisha kila mwezi. Mwisho wa mwaka ile 100 moja, uliyokuwa ukiizungusha, imekuzalia 120. Sasa chukua kufuli la kifahari la 100 unaloliuza 140, likaondoka mara moja kwa mwaka. Limekuzalia 40. Wengi wetu tukiulizwa tungesema kufuli ndilo lina faida nzuri. Duka lenye mtaji mdogo linaishi kwa mzunguko, kwa hiyo pesa utakayoitoa kwenye mzigo uliododa irudi kwenye vitu vinavyotembea, na uagize kidogo kidogo mara nyingi badala ya kingi mara moja. Muuzaji wa jumla atakushawishi kwa punguzo la kuchukua boksi kumi. Kama unauza boksi moja kwa mwezi, punguzo hilo ni mtego.

Sasa la mume wako. Ana nia njema, na kwa haraka wazo lake linaonekana sawa. Lipigieni hesabu mkiwa wawili, kwa utaratibu, bila kumfanya ajione hajui. Tuseme kitu unakinunua 75 unakiuza 100. Faida ni 25. Ukikishusha hadi 90 faida inabaki 15. Pale ulipokuwa unauza vipande 100, sasa lazima uuze 167 ili upate faida ileile. Mauzo yaongezeke kwa theluthi mbili, wakati wewe mwenyewe unasema watu wanabadilisha koki moja! Ukishusha hadi 80, itakubidi uuze 500. Na hapo juu yake kuna riba, inayodaiwa uuze usiuze. Mkopo wa kununulia mzigo ambao mteja ameshauagiza na kuulipia nusu, huo naweza kuutetea. Mkopo wa kushushia bei ni kununua hasara kwa pesa ya mtu mwingine. Katika hili nitasema wazi: msikope.

Hata hivyo bei haipuuzwi, inaguswa kwa kuchagua. Katika duka zima wateja huwa wamekariri bei za vitu vichache: taa za kawaida, betri, soketi ya kuongezea, debe la rangi nyeupe. Kwa hivyo ndivyo wanavyoamua kama duka ni ghali au nafuu. Vitafute vyako, pengine havizidi kumi, uviweke karibu kabisa na bei ya mtandaoni, na bei ziandikwe kubwa mlangoni. Kwa vingine vyote, faida yako ya kawaida ibaki. Hakuna anayekariri bei ya washa (kile kipete cha mpira cha ndani ya koki), ya skrubu au ya tepu nyeupe ya mabomba, na hakuna atakayesubiri mzigo wa kuagiza huku maji yanamwagika jikoni.

Hapo ndipo namkuta yule baba wa pampu. Wewe umeiona siku ile kuwa siku ya kudhalilishwa. Mimi naona alikuonyesha biashara yako ilipo. Alikuwa na simu, alikuwa na pampu ya bei ndogo, alikuwa na mtandao mzima wa kuuliza, na bado alibeba boksi akaja kwako. Alihitaji vitu vitatu visivyokuja ndani ya boksi: mtu wa kumwambia vipimo, kipande kidogo kilichopo sasa hivi, na mkono wa kumwonyesha namna ya kufunga. Vyote vitatu unavyo. Kasoro ni kwamba kimoja umekiuza na viwili umevigawa.

Basi viuze. Andika kwenye karatasi ngumu malipo ya kazi: kufunga pampu, kubadilisha koki, kukagua soketi inayopiga shoti, kukata bomba na kuchonga uzi. Bandika ukutani pale watu wanaposimama. Mfunge kifaa chochote, hata kilichonunuliwa kwingine, bila kununa na bila kumkumbusha mteja alikotoka. Anayenunua kwenu, ufungaji uwe nusu ya malipo au bure, na kikiwa kibovu ndani ya siku mlizopanga anakirudisha mkononi mwako, anapewa kingine. Ukifanya hivyo mteja halinganishi tena bei yako na ya kwenye simu yake peke yake. Analinganisha pampu iliyofungwa inayotoa maji leo na boksi atakalolipokea baadaye, atafute fundi, kisha aje kununua kiungio.

Na pampu yenyewe usiiuze peke yake. Tengeneza fungu: pampu, viungio vya vipimo vinavyotakiwa, tepu, mita chache za bomba, valvu ya kuzuia maji yasirudi, vyote kwenye mfuko mmoja wenye bei moja. Mtandaoni vipande hivyo mara nyingi vinatoka kwa wauzaji tofauti, vinafika siku tofauti, na mmoja akikosea kipimo kazi yote inasimama. Faida utaikuta kwenye viungio na ufungaji, hata kama kwenye pampu umebakiza kidogo sana.

Mteja akipiga picha ya kibandiko, mwache. Ukimzuia utapoteza hata kiungio. Muulize, "Unataka kuifunga wapi?" Anapoanza kueleza tangi lake liko wapi na bomba linapita wapi, mnakuwa mmeingia kwenye kazi, na hapo mtajie gharama ya jumla ikiwa imefungwa. Wapo watakaoondoka vilevile. Waondoke kwa amani; namba ya duka iwe kwenye karatasi uliyowaandikia vipimo.

Hofu uliyonayo wamewahi kuwa nayo wenye maduka wa kizazi kingine kabisa. Marekani ilipoanzisha huduma ya posta ya kubeba vifurushi, tarehe 1 Januari 1913, wafanyabiashara wa miji midogo walikuwa wameipinga kwa miaka, kwa kuwa kampuni kubwa za kuuza kwa katalogi (kitabu cha bidhaa na bei ambacho mteja huagizia kwa posta) kama Sears zingeweza kumfikia mkulima nyumbani kwake kwa bei wasiyoiweza. Kampuni hizo zilikua kweli, na maduka mengi yaliumia. Lakini Sears yenyewe iliacha katalogi yake kubwa mwaka 1993, ikaomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2018. Ukubwa na bei ya chini havikuitosha.

Mfano ulio karibu zaidi na wewe ni wa maduka ya vitabu, kwa sababu kitabu ni kilekile popote ukinunue, na ndicho Amazon, lile duka kubwa la mtandaoni, ilichoanza kuuza mwezi Julai 1995. Maduka huru ya vitabu nchini Marekani yalipukutika, na wengi wakadhani hadithi imekwisha. Kisha, kuanzia mwaka 2009, wakati uchumi bado unauguza vidonda vya mtikisiko wa 2008, yakaanza kuongezeka: kwa hesabu za chama chao, kutoka 1,651 mwaka huo hadi 2,227 mwaka 2015. Profesa Ryan Raffaelli wa Harvard Business School alichunguza sababu. Aliona maduka yaliyosimama yalikuwa yamejifunga na watu wa eneo lao, yalichagua vitabu kwa kumjua msomaji, na yaligeuza duka kuwa mahali pa watu kukutana. Shindano la bei waliliacha.

Sikuandikii haya kukuliwaza. Maduka mengi yaliyofungwa kabla ya hapo hayakufunguliwa tena, na yaliyopona yalibadilika. Wewe huuzi vitabu, lakini hilo la kuchagua kwa kumjua mteja unaliweza vizuri. Unajua mabomba ya mtaa wako ni ya vipimo gani, unajua umeme wa pale unapandaje na kushuka, unajua koki ipi inaoza haraka kwa maji yale. Punguza aina. Badala ya koki za aina saba, bakiza mbili ambazo uko tayari kuzitetea kwa jina lako, na uwe nazo siku zote. Mwambie mteja kwa nini ulizikataa zile nyingine tano. Mteja aliyechoka kusoma maoni ya watu asiowajua kwenye simu atapumua.

Umesema bei ya mtandaoni huipati hata kwa jumla. Hilo ni tatizo la kweli na peke yako hutalitatua. Mwaka 1924 mjini Chicago wenye maduka ya vifaa kama lako waliungana kununua mzigo pamoja ili wapate bei ya wakubwa. Ndiyo iliyokuja kuwa Ace Hardware, ambayo tangu miaka ya 1970 inamilikiwa na wenye maduka wenyewe. Mwaka 1932, katikati ya ule mdororo mkuu wa uchumi wa dunia, mfanyabiashara wa jumla wa Uholanzi, Adriaan van Well, aliunganisha maduka huru ili yaweze kushindana na minyororo ya maduka makubwa, na hapo ikazaliwa SPAR, jina la maduka ya vyakula. Angalia hiyo miaka. Muungano wa pili ulifanywa wakati wa shida kubwa, na watu ambao jana yake walikuwa wakinyang'anyana wateja.

Wewe anza kidogo kabisa. Watafute wenye maduka wawili au watatu wanaouza unachouza, ikiwezekana wasiwe mlango wa pili. Chagueni kitu kimoja ambacho nyote mnakiuza sana, tuseme taa au nyaya. Kila mmoja alete pesa yake kabla mzigo haujaagizwa. Asiyeleta hayumo, bila maneno. Risiti ya jumla ionwe na wote siku ya kugawana. Miungano ya namna hii huvunjika kwa mambo mawili: mmoja kuwekewa mzigo kwa ahadi, na mmoja kushika risiti peke yake. Mkivuka raundi kadhaa bila ugomvi, ongezeni kitu cha pili. Mkiwa pamoja mnaweza pia kumbana msambazaji kwa masharti ambayo mmoja hapewi: kulipa baada ya siku 30, au kurudisha kisichouzika.

Kwa mdogo wako. Programu ya simu usitengeneze. Itakula pesa kuitengeneza na kuitunza, na hakuna anayepakua programu ili anunue washa. Lakini mdogo wako ana jicho la mbele, mpe kazi hii: duka lionekane kwenye ramani ya Google, ambayo ni bure, likiwa na saa za kufungua zilizo sahihi na picha za rafu. Namba ya duka iwe na WhatsApp ya biashara yenye picha za vitu vinavyotembea na bei zake. Mteja akituma picha ya kitu kilichovunjika, ajibiwe upesi: "Kipo, njoo," au "Kipo, tunakuletea saa kumi." Neno "kipo" lina nguvu kuliko tangazo lolote, na muuzaji aliye mbali hawezi kulisema kwa maana unayolisema wewe.

Halafu kuna ule mzigo uliododa ambao hata mafundi watakataa. Huo mwambie auuze mtandaoni. Swichi isiyotakiwa mtaani kwako huenda mtu wa mbali anaitafuta kukamilisha nyumba ya zamani. Mtandao uliokuchukulia wateja unaweza pia kukuondolea vumbi.

Madeni nitayapitia haraka. Yapange kwa umri. Ya karibuni yafuate kwa upole kila wiki, kwa siku ileile. Ya zamani wape nafuu: alipe sehemu leo, nyingine isamehewe, na ukurasa ufungwe mbele yake. Mtu unayemdai huona aibu akaacha kuja dukani, kwa hiyo deni lililozeeka limekunyang'anya pesa na mteja pia. Kuanzia sasa kila mkopaji awe na kikomo, na asiongezewe kabla hajapunguza. Mafundi wanaolipa wakilipwa, hao wabaki, maana wanakuletea kazi.

Mwenye nyumba mwendee kabla hujachelewesha kodi, ukiwa na karatasi ya mauzo. Omba kulipa kwa mwezi badala ya miezi mingi kwa mkupuo, au kupunguziwa kwa muda. Fremu tupu wakati wa hali ngumu hailipi chochote, naye analijua hilo. Na wewe mwenyewe jipangie mshahara, hata kama ni mdogo kwa uchungu, uuchukue siku moja kwa mwezi. Ulisema hujui mtaji unaliwa wapi. Mara nyingi unaliwa na droo ileile inayolipa ada, dawa na michango bila kuandikwa, na hakuna mtandao wa kulaumiwa kwa hilo.

Shemeji nimemwacha mwisho kwa sababu anastahili kujibiwa kwa heshima. Kufunga si aibu, na kuna duka ambalo haki yake ni kufungwa. Weka kipimo leo, ukiandike, mume wako akione. Baada ya kuondoa mzigo uliododa na kuanza malipo ya kazi, pigia hesabu miezi sita. Faida ghafi ya kila mwezi (mauzo ukitoa bei uliyonunulia mzigo) ikiweza kulipa pango, umeme, mshahara wa kijana na mshahara wako, endelea hata kama hakibaki kitu cha akiba. Ikishindwa miezi yote sita bila dalili ya kupanda, funga wakati bado una mtaji wa kuondoka nao, ukiwa umelipa wasambazaji na umempa kijana notisi na haki yake. Watu wanaoumia zaidi ni wale wanaokopa ili kusogeza mbele siku ya kufunga, na kuiweka nyumba ya kuishi rehani kwa ajili ya rafu. Hilo usilifanye kwa hali yoyote.

Huyo kijana usimfiche. Mkae naye wiki hii, umwonyeshe hali ilivyo, kwa sababu nusu ya mpango huu iko mikononi mwake: ndiye anayefunga pampu, ndiye anayewajua mafundi. Mpe sehemu ya malipo ya kila kazi ya ufungaji juu ya mshahara wake, mkubaliane kwa maandishi. Muulize kipi kimedoda kabla hamjahesabu. Nadhani atakitaja bila kuangalia rafu. Kisha muulize ni wateja gani walikuwa wakija kila mara na sasa hawaonekani. Majina hayo yaandikwe, na kuanzia Jumatatu mpigie simu mmoja mmoja, wewe mwenyewe kwa sauti yako, umuulize nyumbani kwake kuna nini kinachovuja.